Mtani Wangu Anafundisha Kemia

Jumatatu, Agosti 5

Mwalimu mpya kasema mtu wa sayansi huandika kila siku kile alichokiona. Leo nimejitazama kwenye kioo cha kinyozi pale sokoni, kwa hiyo naanza na mimi.

Naitwa Silasi. Miaka ishirini, nguvu za watu watatu. Mkokoteni wangu ndio unaojulikana kuliko yote soko kuu la Tabora, na anayebisha aje tubebe. Shule niliiacha kidato cha pili. Wapo wanaosema hesabu zilinifukuza. Hao wana wivu. Sasa nimerudi. Asubuhi nasukuma mizigo, mchana nasoma kituo cha watahiniwa wa kujitegemea huku mtaa wa Ng'ambo: chumba kimoja, bati lisilo na dari, ubao wenye ufa. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Nataka Kemia na Bailojia, hayo mengine yakija ni nyongeza.

Sababu ni hii. Mwaka jana nilipeleka maboksi maabara ya hospitali, fundi wa pale akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Nikaona damu ya mtu imejaa vipete vidogo vya malaria, vimekaa ndani ya chembe kama wapangaji. Tangu siku ile sijatulia. Nataka kuwa mtu wa kuchungulia, nimechoka kuwa mtu wa kuleta maboksi.

Sasa huyo mwalimu. Anaitwa Batuli, mfupi, sauti ya kunadia samaki. Alipoingia akasema ametoka Bagamoyo, Mzaramo. Nikasimama palepale.

“Shikamoo, Mwalimu. Pole na safari. Huko kwenu nazi zimeanguka, au bado mmelala chini yake mnasubiri?”

Mwalimu akanitazama kuanzia nywele hadi katambuga zangu za tairi.

“Marahaba. Wewe Mnyamwezi?”

“Mwenyewe kabisa, wa Kwihara.”

“Nikajua. Nimeona mkokoteni nje. Misafara ya wapagazi imekwisha zaidi ya miaka mia, nyinyi bado hamjaambiwa mtue mizigo?”

Hata Koleta, mwenzetu darasani ambaye huwa hacheki, alicheka. Nimepata mtani: Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za babu zetu.

Jumanne, Agosti 6

Joto. Muundo wa atomu. Nilielewa nusu, na nusu yangu ni kubwa kuliko nzima ya Azhar tunayesoma naye.

Alhamisi, Agosti 15

Leo Bailojia, kupima chakula. Mwalimu alisema kila mtu alete kitu cha nyumbani. Azhar, ambaye baba yake ana duka la vitambaa na yeye anarudia mtihani akiwa amevaa saa ya dhahabu, alileta biskuti za kutoka Dubai. Koleta alileta chapati zake za biashara. Anakaanga alfajiri, anauza, kisha anakuja darasani na watoto watatu kawaachia jirani. Mimi nilileta michembe ya Bibi, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani.

Iodini inadondoshwa, chakula chenye wanga kinageuka bluu nyeusi. Biskuti ya Dubai ikageuka. Michembe ya Bibi Minza ikawa nyeusi kama usiku wa kijijini.

“Mwaona?” nikasema. “Wanga wa Kwihara hauna mpinzani.”

“Huo ndio uliokuziba masikio,” akasema Mwalimu Batuli. “Andika: kilichotumika, kilichoonekana, maana yake. Usiandike majigambo, hayana alama.”

Jumapili, Agosti 18

Nimeshinda Kwihara kwa Bibi. Yeye ndiye aliyenilea. Huniita mume wangu, kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu, ila yeye ananigombeza kama mume kweli.

“Mwangaluka, habari za asubuhi, mume wangu. Umekonda. Hiyo kemia haina chakula?”

Nikamweleza habari za mwalimu. Akapiga makofi.

“Mzaramo! Ah, zamani walikuwa wanakuja. Alipokufa baba yangu watani wa pwani walilala mlangoni, jeneza halikutoka mpaka wapewe kuku. Siku hizi tunazikana kimyakimya kama tunaibiana. Mwambie nikifa aje.”

“Bibi, wewe hufi leo.”

“Sijasema leo. Nimesema aje.”

Mjomba Zablon naye alikuwepo, katoka Usinge. Ana shamba la tumbaku, vitalu vya miche anaviandaa sasa, na mvua ya kwanza ikinyesha miche inahamishiwa shambani. Anataka mikono. Yangu ameipigia hesabu.

“Mvua ikianza, Silasi, twende. Kitabu umekijaribu mara moja kikakushinda.”

“Nani atanichotea maji?” Bibi akauliza. “Nikiwa hai mume wangu haendi popote.”

Mjomba akanyamaza. Yeye ndiye anayetuletea mahindi kila mavuno, kwa hiyo akinyamaza si kwamba ameshindwa. Anasubiri.

Mawingu: hakuna. Watu wote Tabora wanaomba mvua. Mimi naomba ichelewe mpaka nimalize mtihani. Mungu atajua afanyeje.

Ijumaa, Agosti 30

Upepo na vumbi. Darasani tulichora moyo wa mtu. Mwalimu kasema wangu unafanana na muhogo.

Jumatano, Septemba 11

Bureti imefika!

Niieleze vizuri. Ni mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo, chini una koki. Unajaza asidi, chini unaweka chupa yenye besi na matone mawili ya kiashiria, rangi ya njano. Unafungulia koki tone kwa tone huku ukitikisa chupa. Inafika mahali tone moja tu linageuza njano kuwa machungwa. Hapo unafunga, unasoma umetumia kiasi gani. Ukizidisha tone umeharibu, unaanza upya. Katika mtihani wa vitendo swali hilo halikosekani.

Kituo hakikuwa na bureti hata moja. Mwalimu Batuli ameazima shule fulani ya mjini, ametia saini kwa jina lake. Ni moja, sisi ni kumi na wanane, tunapanga foleni kama wagonjwa.

Koleta alizidisha mara tatu. Vidole vyake vimezoea kusukuma chapati, vina nguvu mno kwa koki. Azhar aliweza mara ya pili. Mimi mara ya kwanza nilizidisha, lakini kwa ufundi.

Mawingu: kipande kimoja upande wa Urambo. Kikaondoka.

Ijumaa, Septemba 20

Sitaki kuandika. Naandika.

Utani una sheria zake. Mtani akiona kitu cha mtani wake anaweza kukikamata, na mwenyewe hakipati mpaka akikomboe. Wiki iliyopita Mwalimu alikamata kofia yangu nikaikomboa kwa embe bichi. Ilikuwa zamu yangu kulipiza. Nikatafuta kitu ambacho kitamuuma. Chaki? Miwani? Hapana. Mimi nikikamata, nakamata mfalme.

Alipotoka kuchota maji nikaifungua bureti kwenye kishikio chake, nikaiteremsha ndani ya mguu wa suruali, nikatoka uani nikitembea mguu mmoja mkavu kama jogoo aliyefungwa kamba. Mwalimu akarudi, akaona kishikio kitupu.

“Mnyamwezi! Iko wapi?”

“Imepita na msafara! Njoo uikomboe, leo sitaki embe, nataka soda ya baridi!”

Wote wakacheka. Naye alicheka, niseme ukweli, alicheka akasema, “Silasi, hicho ni kioo, lete taratibu.” Ningeleta. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi na mimi nikipigiwa makofi akili hukaa pembeni. Nikacheza. Nikashuka chini kwa goti, kama wanavyoshuka wacheza ngoma wetu.

Kakk.

Mlio mdogo tu. Nikasimama, vipande vikatoka chini ya suruali kimoja kimoja vikalala kwenye vumbi. Paja limekatwa kidogo, hilo si kitu.

Hakuna aliyecheka. Koleta alinijia mpaka puani.

“Mimi huu mtihani narudia mara ya tatu. Unasikia? Ya tatu. Wewe ukifeli utarudi kusukuma mkokoteni wako na utajisifu. Mimi nikifeli ndiyo basi.”

Nikamwambia Mwalimu, “Ni utani, Mwalimu…”

“Utani haujavunja kitu,” akasema, sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo. “Umevunja wewe.”

Akaokota vipande vyote mwenyewe. Hakukubali nimsaidie.

Jumatatu, Septemba 23

Mwalimu ameingia. Nikamsalimia kwa kumuuliza kama Bagamoyo bado wanakula kwa kulala. Akajibu: “Marahaba, Bwana Silasi. Kaa.”

Bwana Silasi!

Jumanne, Oktoba 1

Bado Bwana Silasi. Shule iliyotuazima imekataa kutoa nyingine. Tunajifunza bureti kwa kuichora ubaoni. Koleta amekaa dawati la mbele ili asinione.

Sikujua kutotukanwa kunauma hivi.

Jumatatu, Oktoba 7

Bibi ameanguka kando ya kisima. Nilimpakia kwenye mkokoteni, nikaweka godoro, nikasukuma kutoka Kwihara mpaka hospitalini bila kutua. Njiani alikuwa ananiambia niende polepole, eti nitamwaga mke. Homa na maji kumpungukia mwilini. Wamemlaza, wamemtundikia dripu.

Mawingu: mengi, meupe, hayana kitu.

Jumatano, Oktoba 9

Nimekaa kando ya kitanda cha Bibi, yeye kalala. Sina la kufanya, natazama dripu. Chupa juu, mrija chini, katikati kigurudumu kidogo cha plastiki. Muuguzi akikisogeza kwa kidole gumba, matone yanakimbia. Akikirudisha, yanatembea. Akikibana, yanasimama.

Tone. Tone. Tone.

Nikasimama ghafla kiti kikaanguka, Bibi akashtuka.

“Nini, nimekufa?”

“Bibi, umetundikiwa bureti!”

“Mwambieni daktari amtazame na huyu,” akasema Bibi, akalala tena.

Muuguzi, Dada Bertila, alinicheka nilipomwomba mrija. Uliotumika akakataa katakata, una damu za watu. Lakini kabatini alikuwa na mpya uliopita muda wake, unangoja kuchomwa moto, na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Akamuuliza mkubwa wake, akanipa. Nilimwambia siku moja nitafanya kazi hapa naye ataniita bosi. Akasema nianze kwa kuokota kile kiti.

Jumatano, Oktoba 16

Siku zote hizi nimepambana na kibureti changu. Bomba la sindano limesimama wima bila pampu yake, hilo lina vipimo tayari. Chini nimeunga mrija wa dripu wenye kigurudumu. Mara ya kwanza ulivuja. Mara ya pili ulivuja zaidi. Mara ya tatu niliupasha moto kidogo penye kiungo ukabana. Nikaufunga kwenye mti uliochongwa, nikautembeza mjini kwenye mkokoteni peke yake, mzigo mwepesi kuliko yote niliyowahi kusukuma, nikawa naogopa kila shimo.

Nikauweka mezani kwa Mwalimu. Majigambo nikayaacha kwenye mkokoteni.

Akaujaza maji. Akasogeza kigurudumu. Tone. Akabana, likakatika. Akapima kwa pipeti, ule mrija wa kunyonyea kipimo, akaandika, akapima tena, akaandika. Akaniita nisome kipimo, nikasoma. Akanirekebisha nishushe jicho lilingane na maji, nikashusha. Mistari yake si myembamba kama ya bureti ya kweli, akasema, lakini mkono utajifunza kilekile.

Akainua macho.

“Kibaya,” akasema. “Kimepinda, kichwa kikubwa, miguu myembamba. Kimefanana na aliyekitengeneza.”

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamwambia, “Asante, mla nazi.”

Koleta akawa wa kwanza kwenye foleni. Kigurudumu kinahitaji kusukumwa kwa gumba, taratibu, kama ukingo wa chapati. Hakuzidisha hata tone. Akageuka, akanitazama, akasema “Haya,” na kuondoka. Kwa Koleta hiyo ni hotuba.

Jumanne, Oktoba 22

Bibi amerudi nyumbani. Anakula uji. Nimemwambia kemia ina chakula.

Jumamosi, Novemba 2

Bibi Minza amefariki leo asubuhi, amekaa kwenye mkeka wake jua likimpiga mgongoni. Aliniomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa amekwishaondoka.

Nimeliandika hili kwa kalamu ya Kemia. Sina la kuongeza.

Jumatatu, Novemba 4

Tumemzika. Niandike yote, maana yeye angetaka niandike.

Tangu jana watu wanajaa Kwihara. Mjomba Zablon kafika na pikipiki. Jana jioni aliniweka pembeni, kwa upole. Si mtu mbaya.

“Silasi, aliyekuwa anakuhitaji hapa amepumzika. Mawingu hayo umeyaona. Tukishamzika, twende Usinge.”

“Mjomba, mtihani unaanza wiki ijayo.”

“Mtihani upo kila mwaka. Mvua ya kwanza ni moja. Nimewalisha nyinyi miaka yote, sijawahi kuomba kitu.”

Na ni kweli hajawahi. Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko wa salfeti, nikatuma mtu akamwambie Koleta kuwa mtihani siji.

Leo mchana, jeneza likiwa ndani na watu wamekaa kimya, kimya kile alichokichukia Bibi, tukasikia kelele njiani.

“Niacheni! Niacheni niwaone Wanyamwezi wamemfanya nini mke mwenzangu!”

Mwalimu Batuli. Amefunga kanga kifuani, kashika fimbo, kainama mgongo, anatembea kama Bibi hasa, mguu wa kulia ukiburuta. Sijui alijifunzia wapi. Nadhani ni ile siku, baada ya kibureti, alipokwenda kumjulia hali hospitalini akamkuta ananigombeza. Nyuma yake darasa zima, Koleta na ndoo ya chapati, Azhar amevua saa.

Akawafikia wazee waliokaa. “Nyinyi mnalia nini? Mmeliwa tumbaku? Huyu kachoka kuwapikia! Silasi, mume wangu, umekonda, hiyo kemia haina chakula?”

Kicheko kilichotoka, sijapata kusikia. Mama zangu wadogo walicheka huku machozi yanashuka, wakashikana, wakalia tena, lakini kilio cha kupumua. Mzee mmoja akasema, “Watani wa pwani! Kumbe bado wapo!”

Jeneza likainuliwa. Tulipofika mlangoni mwa ua, Mwalimu Batuli amejilaza chini, kakata njia.

“Hapiti mtu. Nikomboeni.”

Watu wakachanga sarafu wakamwekea kwenye kanga. Akazikung'uta. “Hela za wapagazi sizitaki.” Wakaleta jogoo. Akamtazama jogoo, akamwuliza kama yeye pia ni Mnyamwezi, akamwachia.

“Sasa unataka nini, mtani?” akauliza Mjomba Zablon, yeye ndiye mkubwa wa msiba.

Akainuka akakaa, akaninyooshea fimbo.

“Namtaka huyo. Mzima mzima, na kichwa chake kigumu. Alivunja kitu changu, nami sijalipwa. Nampeleka kwenye mtihani wake mpaka siku ya mwisho. Ndipo mama yenu atapita.”

Upepo ukapita na harufu ya udongo uliolowa mbali. Mtani akidai msibani hakataliwi. Hata mtoto wa Kwihara anajua hilo, na anayekataa anamwacha maiti wake mlangoni. Nilimwona Mjomba akitazama mawingu, akalitazama jeneza la mama yake, akanitazama mimi. Mwisho akajikuna kidevu.

“Mchukue. Ila umrudishe, miche haingoji.”

“Nikishamtumia mimi,” akasema Mwalimu akijikung'uta vumbi, “sijui kama atafaa tena kwa tumbaku.”

Hata Mjomba alicheka. Bibi akapita.

Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tunamwagia udongo. Makubwa, moja moja. Nikajikuta nayasikiliza: tone, tone, tone. Kisha aliyekuwa ameshika koki huko juu akaiachia yote.

Jumatano, Novemba 6

Mvua. Seli, tishu, ogani. Mwalimu amenitukana mara nne kabla ya chai.

Alhamisi, Novemba 21

Mtihani wa vitendo wa Kemia. Maabara ya kweli, meza za vigae, na mbele yangu bureti ya kioo, imenyooka, safi. Nikatafuta kigurudumu kwa gumba, nikakuta koki. Nikajiambia, Silasi, ni kilekile, wamekipamba tu.

Njano. Tone. Njano. Tone. Nikapunguza mpaka tone likawa linaning'inia na kufikiri. Likaanguka. Machungwa.

Nikafunga. Nikashusha jicho lilingane. Nikasoma, nikarudia, nikarudia tena. Majibu matatu yakakubaliana kama ndugu wazuri. Meza ya pili Koleta alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anashukuru.

Bati lilikuwa linapigwa na mvua hata msimamizi akawa anapiga kelele kutuambia muda umekwisha. Sijui nimepata nini. Kwa kawaida ningeandika nimepata yote. Naandika nilichokiona: machungwa.

Alhamisi, Novemba 28

Mitihani imekwisha. Kesho nakwenda Usinge, kwa hiari yangu. Mjomba alinikopesha msibani, lazima nimrudishie. Nitahamisha miche mpaka matokeo yatoke, kisha nitaomba chuo cha maabara. Mkokoteni nimemwachia Azhar aujaribu. Ameusukuma hatua chache akakaa chini.

Nilikwenda Ng'ambo kumuaga Mwalimu. Kile kibureti changu kipo mezani, na kundi jipya la wanafunzi wamepanga foleni. Amekibandika karatasi: MALI YA MNYAMWEZI, ANAUMA.

“Kwaheri, mla nazi,” nikamwambia. “Nikirudi nitakuwa nachungulia damu yako.”

“Utakuta nazi tupu. Kaa hapo, kwanza toa tope miguuni, usinichafulie darasa.”

Nikainama nikavua katambuga nizipige ukutani. Sikumwona alivyozunguka. Moja ikapotea mkononi mwangu, nikasikia kabati linafungwa kwa ufunguo.

“Mwalimu! Nasafiri kesho!”

“Safiri. Utakuja kuikomboa.”

“Kwa nini sasa, embe?”

“Kwa karatasi ya matokeo. Embe ninazo.”

Nimetembea kutoka Ng'ambo mpaka Kwihara mguu mmoja katika katambuga, mmoja katika matope ya mvua, watu wananicheka njia nzima na mimi nawacheka. Watakaoniona Usinge hivi wasinihurumie. Kiatu changu cha kulia kipo Tabora, darasani, na nitakwenda kukichukua.